Logo ya brandi ya nguo ni kitu gani hasa, na kwa nini ianzie shingoni

Watu wengi wanaoanzisha brandi zao za nguo huku kwetu, machalii wa Chuga (Arusha) wanaoprinti tisheti na hudi, kina dada wa Moshi wanaoshona vitenge, wakisema "nataka logo" kichwani wanakuwa na picha ya kuweka profaili ya Instagram. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya kazi yake. Logo ya brandi ya nguo ni alama, inaweza kuwa jina lililoandikwa kwa namna yake, au herufi moja mbili, au mchoro, ambayo mtu akiikuta kwenye nguo anajua imetoka kwa nani. Na hapo kwenye "nguo" ndo pa kukazania, maana hiyo alama itakaa kwenye uzi na wino, itafuliwa, itaanikwa juani, itapigwa pasi miaka.

Nenda Memorial pale Moshi au Kilombero hapa Arusha uangalie mtu anavyochagua mitumba. Anavuta shati kwenye rundo, hata hajajipimishia, anafunua shingo kwanza aone lebo, akiitambua anauliza bei, asipoitambua anaanza kukagua kitambaa na mshono. Ile sekunde ya kufunua shingo ndo kazi ya logo yote. Lebo yenyewe ina upana wa vidole viwili vitatu tu, kwahiyo mimi huwa nasema kabla ya kitu chochote ichore logo yako kwa ukubwa huo huo, nyeusi juu ya nyeupe, hamna rangi hamna kivuli hamna mng'ao, alafu mpe mtu asiyekujua asome. Akikwama kwenye herufi moja tu, fonti hiyo haifai hata kama kwenye simu inavutia vipi.

Kwenye aina za logo watu wanabishana sana kuliko inavyostahili. Mamba wa Lacoste, brandi ya nguo ya Ufaransa, alianza kuuzwa kwenye vifua vya mashati mwaka 1933 na leo hahitaji jina pembeni, lakini huyo ana miaka zaidi ya 90 ya kuvaliwa. Ile alama ya Nike alichora mwanafunzi, Carolyn Davidson, mwaka 1971 akalipwa dola 35, na watu wameizoea kwa sababu ya viatu vyenyewe na wanariadha waliovivaa. Brandi yako ya mwaka huu hamna anayeijua, ukimwekea mtu mchoro peke yake kifuani ataona mchoro tu basi, hatajua wa nani. Kwahiyo anza na jina limeandikwa vizuri, mchoro ukae pembeni mpaka watu wauzoee. Ila usikimbilie ile fonti iliyonyooka isiyo na vijimkia ambayo kila mtu anayo, Burberry wenyewe, brandi kubwa ya Uingereza, walienda huko 2018, wakafanana na brandi nyingine kibao, 2023 wakarudisha yule mpanda farasi wao wa zamani.

Sasa tuje kwa fundi, maana hapa ndo pesa za watu zinapotea. Logo ikidariziwa, sindano ina unene wake na uzi una unene wake, herufi yenye urefu chini ya milimita 5 inaanza kuziba, tundu la "a" na "e" linajaa uzi, na rangi inayofifia kutoka nyekundu kwenda njano uzi wa kawaida hauwezi kuitoa. Bei nayo inafuata idadi ya mishono, ndo maana logo iliyojaa kila mahali inadariziwa kwa gharama kubwa na inakuwa nzito hadi tisheti nyepesi inakunjamana kifuani. Kwenye kuprinti kwa skrini kila rangi inatengenezewa fremu yake ya wavu wa kupitishia wino, logo ya rangi nne ni fremu nne, na kwa oda ya tisheti ishirini hesabu hiyo haikulipi kabisa. Aina nyingine ya kuprinti, DTF, inabeba rangi zote kwa mkupuo, inaprintiwa kwenye filamu inanyunyiziwa unga wa gundi inapigwa kwa moto, lakini mistari myembamba sana ndo ya kwanza kubanduka ikianza kufuliwa. Lebo ya kufumwa inatoa vitu vidogo vizuri kuliko kudarizi, ila wanaofuma huwa wanataka oda kubwa kidogo. Kwahiyo logo inayofaa ni ile inayopita kwa rangi moja, na hizo rangi nyingine ziwe nyongeza.

Dizaina akimaliza mdai faili la vekta. Vekta ni mchoro uliohifadhiwa kama mistari na vipimo, unaukuza hadi bango la barabarani au unaupunguza hadi kifungo na haupasuki, wakati picha aliyokutumia wasap ni vidoti tu, ukiikuza inakuwa na ukungu.

Kuhusu mlima. Najua tunaupenda, kila asubuhi ukiwa wazi tunautazama, lakini Kilimanjaro na twiga na Mmasai mwenye mkuki viko kwenye kila kitu kinachouzwa ukanda huu, na Mmasai ni mtu, ana watu wake, sio pambo la kuchukua tu. Alama ambayo kila duka inayo haimwambii mteja nguo ni ya nani. Na kisheria inakusumbua pia, kwa sababu jina la mahali au alama ya kawaida mno ni ngumu kusajiliwa kama alama ya biashara. Hata zile logo za kuchagua tayari kwenye Canva, masharti yao hayakuruhusu kuzisajili.

Usajili huo unafanyika BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ambako bidhaa zimepangwa kwa madaraja na nguo na viatu viko daraja la 25, na ni tofauti kabisa na kusajili jina la biashara, wengi wana cheti cha jina wanadhani logo imelindwa. Ukipata unalindwa miaka 7 ya kwanza, ukihuisha inakuwa 10 kila mara. Na kama unapeleka mzigo Zanzibar, kule kuna usajili wao peke yake, cheti cha BRELA hakifiki.