Eti kitabu tumekijua na Mzungu? Haya ni mambo ya Lamu, tuyaweke sawa

Kila maulidi yakikaribia na mji ukijaa wageni huwa nasikia maneno yaleyale, mara kwa mgeni, mara kwa vijana wetu wenyewe tena waliosoma vizuri tu, kwamba sisi watu wa pwani tulikuwa watu wa kusimuliana hadithi barazani na kitabu tumeletewa na wamishenari. Hili neno linaniuma kweli, kwa hiyo leo naliandika lote nililonalo.

Tuanze na hiyo ya wamishenari. Krapf, mmishenari wa kwanza kwetu, alifika Mombasa 1844. Sasa utenzi wa Herekali, huu ambao wengine wanauita wa Tambuka, una mswada wenye tarehe ya 1728, umeandikwa Pate, hapo ng'ambo tu, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Hesabu mwenyewe, ni miaka 116 kabla ya Krapf kukanyaga pwani. Na habari yenyewe iliyomo ni ya vita vya Tabuk na mfalme wa Rumi, yaani mtu amekaa Pate anatunga mambo ya Rumi na Arabuni kwa beti za Kiswahili. Halafu Krapf huyohuyo ndiye aliyepeleka nakala ya utenzi huo Ujerumani, sasa hapo nani alimletea mwenzake kitabu? Hata lugha yenyewe inashuhudia, wazee walikuwa hawasemi kitabu, walisema chuo, Chuo cha Herekali, na mpaka leo mtoto wa Lamu asubuhi anakwenda chuoni, huko ndiko kwenye kitabu chake.

Wengine wakiona khati ya zamani, yaani mwandiko wa mkono, wanasema aa, hiki Kiarabu. Si lazima. Herufi ni za Kiarabu lakini ukianza kuisoma kwa sauti unasikia Kiamu au Kipate kitupu, Kiswahili cha Lamu na cha Pate, na kwa kuwa Kiarabu hakina p wala ch wala v, msomaji ilibidi ajue lugha ndipo aipate sauti, na baadaye wapo waliozidisha nukta ili kusaidia.

Sasa dhana inayonikera zaidi ni hii: "Sawa, vitabu vilikuwepo, lakini vyote vilitoka Arabuni, sisi tulipokea tu." Hapa nataka nikae kidogo.

Nilikuwa na miaka kama kumi na tano hivi, stima imekatika, nyanyangu akaniambia nimtolee juzuu yake kwenye kidaka, ile ya mkono, si ya chapa. Nikaifungua kwa tochi ya simu, na ukurasa mmoja ulipokaa mbele ya mwanga nikaona ndani ya karatasi, si juu yake, ndani, hilali tatu, yaani miezi mwandamo, zimepangwa, kubwa, ya kati, ndogo. Nikadhani ni mambo ya baraka. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua ile ni alama ya kiwanda. Karatasi za hilali tatu zilitengenezwa Italia, upande wa Venice, zikauzwa kwa wingi nchi za Waislamu, zikashuka Misri na bahari ya Shamu mpaka kufika kwenye majahazi. Yaani karatasi ya Mkristo wa Italia, ikaandikwa na Mwislamu kwa kalamu ya mwanzi, ikasomwa na nyanyangu Lamu.

Na hiyo misahafu mikongwe ya kwetu haikuwa inaandikwa Makka. Siyu, kisiwa hichohicho cha Pate, karne ya 18 na 19 ulikuwa mji wa waandishi wa misahafu, na kazi zao zinajulikana kwa mapambo yake, nyeusi, nyekundu, manjano, maua na vifundo ambavyo ukivitazama vizuri unaona ni ndugu na nakshi za milango yetu. Mmoja wa misahafu hiyo leo uko jumba la makumbusho Los Angeles, Marekani. Kwa hiyo sisi tulipokea, ndio, tena tulipokea vingi: kasida ya Hamziya, shairi la kumsifu Mtume, ya al-Busiri wa Misri, maulidi ya Barzanji wa Madina, maulidi ya al-Habshi wa Seiyun huko Hadhramaut, Yemen. Lakini Hamziya haikubaki ilivyokuja, Sayyid Aidarus wa Pate aliitia Kiswahili, na watu wakawa wanaisoma yote mawili pamoja, mstari wa Kiarabu na wa Kiswahili. Habib Saleh mwenyewe, aliyeujenga msikiti wa Riyadha hapa Lamu, asili yake Ngazija, Komoro, na vyuo alivyosomesha watu vilitoka kote nilikotaja. Bahari ilikuwa njia ya kwenda na kurudi.

Kilichoipunguza kazi ya khati si wakoloni peke yao, ni mashine. Chapa za Bombay na Cairo zilipoanza kushushwa bandarini, rahisi na nyingi, nani tena atakaa miezi anaandika msahafu mmoja?

"Wanawake hawakusomeshwa." Hii wanasema hata wanawake wenyewe! Mwana Kupona alitunga utenzi wake 1858, mgonjwa, anamuusia binti yake, na beti za mwanzo tu anamwambia asogee na wino na karatasi. Simama hapo. Angemwambia alete karatasi kama nyumba haina watu wa kuandika? Na ukipanda kaskazini mpaka Barawa, ambayo leo ni Somalia lakini kwa wazee ilikuwa ni safari ya jahazi tu, utamkuta Dada Masiti, mwanamke mshairi, na tungo zake kwa Chimini, lugha ya kwao. Mpaka wa Kenya na Somalia haukuwepo, shairi lilikwenda na upepo wa kusi likarudi na kaskazi.

Ile ya kusema vilikuwa vitabu vya dini tu naipita haraka: tuna mashairi waliyojibizana Mombasa na Lamu wakati wa vita vya Shela, hapa kisiwani Lamu, tuna tenzi za shujaa Liyongo, tuna habari za wafalme wa Pate. Basi.

Hii inayofuata ni ngumu kwangu kwa sababu hasira za watu nazielewa. "Wazungu wameiba vyote." Vingi viko nje, ni kweli, vipo London, vipo Hamburg, vipo Berlin. Lakini soma habari za Muhamadi Kijuma wa hapa Lamu, aliyefariki 1945, fundi wa kuchonga, mshairi, hodari wa khati. Wataalamu wa Kizungu wa Kiswahili, Alice Werner, Hichens, kisha Dammann aliyekuja kukaa Lamu miaka ya 1930, wote hao walimwagizia awaandikie tenzi na yeye akaziandika kwa mkono wake, na vichwa vya mapambo, kwa malipo. Ukisema zimeibwa unamfuta Kijuma, unamfanya kama alilala wakamchukulia, na yeye alikuwa anafanya kazi yake. Kinachoniuma mimi ni kingine, kwamba mwana wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, akitaka kuishika karatasi aliyoiandika mtu wa mtaani kwao anahitaji viza. Angalau picha za miswada mingi ya SOAS, chuo kikuu kile cha London, ziko kwenye intaneti, na miswada ya Riyadha ilipigwa picha kwa mradi wa maktaba ya taifa ya Uingereza ambao sharti lake nakala za asili zibaki nchini kwake. Hilo ni jambo zuri na nalisema wazi.

Ya mwisho ni ya majumbani mwetu. Watu wanaamini chuo cha zamani ukikitia kwenye nailoni na kukifunga vizuri umekihifadhi. Sisi ndivyo tulivyoifanya juzuu ya nyanyangu alipofariki, tukaifunga isipate mvua, masika yakapita, kuifungua kurasa zimegandana na kuvu imetanda. Mamangu kwa uchungu akachukua kitambaa kibichi akafuta, na wino ukatoka nao, kwa sababu ule wino mweusi wa masizi ni ndugu wa ule wa ubao wa chuoni, maji yanauondoa. Tukapoteza kurasa tatu.

Kwa hiyo usifunge nailoni, hewa ya huku ina maji na chumvi na vitabaki humo ndani. Funga kwa kitambaa cha pamba kikavu, weka juu mbali na sakafu na mbali na ukuta unaopigwa na mvua, angalia mchwa kila mwezi, usianike juani, usibandike selotepu. Na kama huwezi kuusoma mwandiko usijali, piga picha kurasa zote hata za mwanzo zilizo tupu, na pembeni usipaache, maana pembeni ndiko wenyewe walikoandika nani kanunua, nani kaweka wakfu, na mwaka gani.