Je, wajua kwa nini mbio zako huonekana kusimama baada ya miezi michache?

Anayeanza mazoezi mwezi Julai jijini Dar es Salaam ana bahati asiyoijua. Kusi inavuma, alfajiri kuna kaubaridi, na baada ya wiki chache mtu aliyekuwa akihema kwa nguzo nne za umeme anamaliza kilomita mbili huku anaongea. Ikifika Novemba anaona kasi imeganda. Januari saa inamwonyesha kwamba amerudi nyuma kabisa, raba zinasukumwa chini ya uvungu.

Mwilini mambo ni tofauti na saa inavyosema. Mabadiliko ya kwanza ni ya damu. Ndani ya siku chache hadi wiki mbili za mazoezi, majimaji ya damu huongezeka, na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Hayo unayahisi upesi. Kisha kazi inahamia kwenye ujenzi: vishipa vidogo vinavyozunguka nyuzi za misuli, na mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotumia oksijeni kutengeneza nguvu. Ujenzi huo ni wa wiki nyingi na miezi. Kano na mifupa ndivyo vya mwisho. Mfupa ukipata mzigo mpya, seli fulani kwanza huondoa sehemu iliyochakaa ndipo nyingine zijenge upya, na mzunguko mmoja huchukua kama miezi mitatu au minne. Ndiyo maana wengi huanza kuumwa ugoko wakati pumzi imeshakaa sawa: moyo umetangulia, miguu haijafika. Anayejilazimisha kuongeza kasi hapo anajitafutia jeraha.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa pwani hulisahau, nalo ni kaskazi, majira ya joto na unyevu. Kwenye joto moyo una kazi mbili kwa wakati mmoja, kupeleka damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ili joto litoke. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho hudondoka tu bila kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kwa hiyo kasi ileile ya Julai hudai mapigo mengi zaidi mwezi Februari. Kulinganisha muda wa miezi hiyo miwili ni kujidhulumu. Mtu wa Mombasa akipanda Iten, mji wa wakimbiaji wa nyanda za juu za Kenya, kwenye mita 2,400 hivi ambako hewa ni nyepesi, naye atapungua kasi siku hiyohiyo, na hakuna atakayesema ameharibika.

Mizani nayo haisaidii sana. Misuli inayofanyishwa kazi huweka akiba ya glaikojeni, yaani sukari ya kutumia baadaye, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Unaweza kupungua mafuta, sindano ya mizani isisogee.

Kwa nini basi mtu anakata tamaa? Ubongo husisimka zaidi zawadi inapozidi matarajio. Mwezi wa kwanza kila siku ina jipya; baadaye maendeleo yapo, ila umeshayatarajia, na raha inapoa.

Hata wakubwa hawapandi kwa mstari ulionyooka. Mtanzania Alphonce Simbu alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017. Dhahabu ya dunia aliipata Tokyo Septemba 2025, miaka minane baadaye, na mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa wa 17 Olimpiki ya Paris. Tena hata siku hiyo ya Tokyo alishinda kwa chupuchupu: yeye na Mjerumani Amanal Petros, aliyepata fedha, waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48.

Mimi ningeacha kutazama saa kila siku. Chagua njia ileile na wakati uleule wa asubuhi, iwe unatembea au unakimbia, na mara moja kwa mwezi ipite kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Ukisimama tu, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Subiri dakika moja, hesabu tena. Yakianza kushuka haraka kuliko mwezi uliopita, mwili umeimarika hata kama muda ni uleule. Siku nyingine zote nenda polepole bila aibu. Siku za mbio nyepesi, wakimbiaji wa Iten huanza kwa mwendo ambao hata mgeni angeufuata, ingawa wengine kati yao humaliza marathoni kwa saa mbili na dakika chache.

Ila si kila uchovu ni wa kuvumilia. Ikiwa mapigo ya asubuhi, kabla hujatoka kitandani, yamepanda kwa siku kadhaa mfululizo, usingizi ni mbaya na ngazi za nyumbani zinakutoa jasho, pumzika wiki nzima. Usipopata nafuu nenda ukapime damu: upungufu wa damu, ambao huwapata zaidi wanawake wenye hedhi nzito, hupunguza kasi taratibu na hauondoki kwa kuongeza mazoezi.