Jina la msanii kwanza: tulivyosanifu upya nembo na tovuti ya chama cha wasanii wa Kusini

Chama cha wasanii kikinitafuta, mara nyingi ombi la kwanza ni nembo mpya. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa chama kimoja cha wasanii wa Kusini mwa Tanzania ambacho kazi yake nimeikabidhi hivi karibuni. Viongozi walitaka nembo ya kisasa na tovuti yenye picha kubwa zinazopishana juu ya ukurasa wa mwanzo. Jina la chama naliacha, maana mambo ya vikao vyao ni yao. Ninachotaka kueleza ni kwa nini nembo tuliiweka kando kwa muda na kuanza na majina ya wanachama, na jinsi uamuzi huo ulivyogusa kila kitu kilichofuata, kuanzia muhuri wa ofisi hadi ukubwa wa picha.

Kusini ndiko walikotoka watu walioipeleka sanaa yetu mbali. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Alichora miaka minne tu, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Wachongaji wa Kimakonde wa Newala, Masasi na ng'ambo ya mto Ruvuma nao wameufanya mpingo ujulikane duniani kwa vinyago vya mitindo ya ujamaa, shetani na mawingu. Lakini muulize mtu aliyenunua kazi hizo ana nini nyumbani. Atakwambia ana "Tingatinga" au ana "Makonde". Mtindo una jina na kabila lina jina, ila aliyekaa miezi kadhaa na patasi mkononi hatajwi. Hata katika makumbusho nyingi za Ulaya na Marekani, kibandiko chini ya kinyago hutaja kabila na nchi, basi.

Tovuti ya zamani ya chama ilikuwa na kasoro hiyohiyo. Ilikuwa na historia ndefu ya chama, picha za mgeni rasmi akikata utepe, orodha ya viongozi na vyeo vyao, halafu ukurasa mmoja wa picha za kazi zisizo na maelezo yoyote. Katika kikao cha kwanza nilichohudhuria, mzee mmoja mchongaji alionyeshwa ukurasa ule kwenye simu ya kijana wake. Akautazama kwa utulivu, akaniambia, "Mwanangu, hiki kinyago ni changu. Sasa mtu akikipenda ataniulizia kwa jina gani?" Nikamjibu, "Mzee wangu, kwa hali ilivyo hawezi." Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuwashawishi viongozi. Wote walikubaliana kwamba chama cha wasanii kisichotaja wasanii wake hakina sura ya kupambwa.

Kibandiko kabla ya nembo

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichosanifu ni kibandiko: maelezo mafupi yanayoandamana na kila kazi popote inapoonekana, iwe kwenye tovuti, kwenye bango la maonyesho, kwenye kadi ya bei au kwenye picha inayotumwa kwa WhatsApp. Kinafuata mpangilio mmoja siku zote. Juu ni jina la msanii kwa herufi nzito, kama anavyotaka yeye liandikwe, liwe la ukoo au la kisanii. Chini yake ni jina la kazi, mwaka, malighafi, na vipimo kwa sentimita, urefu kwanza. Upande wa kushoto unapita mstari wima mmoja, mnene kidogo.

Mstari huo ndio uliokuja kuwa nembo. Jina la chama limeandikwa kwa mistari miwili, na mstari wima uleule umesimama kushoto kwake. Hakuna kingine. Nembo ya zamani ilikuwa duara lenye ramani ya kanda, mwenge, brashi, ngoma, kichwa cha kinyago na mikono miwili inayosalimiana. Nayaheshimu mawazo yaliyokuwa ndani yake, kwani kila alama iliwekwa ili kundi fulani la wanachama lisijione limesahaulika. Ila ukiipunguza iingie kwenye kile kiduara cha picha ya WhatsApp inakuwa doa. Ukiichonga kwenye muhuri wa mpira, wino unajaa kwenye nafasi za mistari na barua ya chama inaonekana imechafuka. Muhuri ndio mtihani wangu mkubwa wa nembo ya chama chochote hapa kwetu, kwa sababu barua isiyo na muhuri mara nyingi haipokelewi ofisini. Mtihani wa pili ni fotokopi ya fotokopi. Nembo ikivuka hiyo miwili, fulana na mabango si tatizo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kukataa kuchora kinyago ndani ya nembo. Chama kina wachongaji, lakini pia kina wachoraji, wafinyanzi, na akina mama wanaosuka mikeka ya ukili. Nembo yenye kinyago ingewaambia wasukaji kwamba wao ni wageni katika chama chao. Nembo ya maandishi haimpendelei mtu. Nafasi iliyo kulia kwa mstari inajazwa na kazi ya mwanachama yeyote, zamu kwa zamu, na jina lake likiwa limeandikwa.

Kwenye rangi tulibishana sana. Wengi walitaka rangi za bendera ya taifa, zote nne. Niliwaonyesha jambo badala ya kulisema: mchoro mmoja wa ndege na maua, nikauweka kwanza juu ya ukurasa wenye kichwa cha kijani na njano, kisha juu ya ukurasa wa kijivu chepesi. Kwenye ukurasa wa kwanza mchoro ulififia kabisa. Jicho hupima rangi kwa kulinganisha na zilizo jirani, kwa hiyo rangi kali zikiuzunguka mchoro, mchoro ndio unaoumia. Tukabaki na wino mweusi-kijivu kwa maandishi, mandhari ya kijivu chepesi, na rangi moja tu ya chama, ya udongo uliochomwa. Hiyo ya udongo niliichagua pia kwa kipimo. Mwongozo wa WCAG, yaani mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke kwa watu wote, unadai tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Rangi ya machungwa waliyoipenda baadhi yao, ikiwekwa juu ya nyeupe, haifiki hata 2 kwa 1. Mtu anayesoma simu yake juani stendi ya Mtwara hataona kitu.

Fonti tulichukua ya leseni huria, ili chama kisije kudaiwa ada siku za usoni. Jambo moja dogo kuhusu maandishi ya Kiswahili lilinichukulia muda: ile alama ya juu katika ng'. Programu nyingi huigeuza kutoka alama iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza. Kwa macho hakuna shida. Lakini kwa mashine hizo ni herufi mbili tofauti, na mtu akiandika "ng'ombe" kwenye kisanduku cha kutafuta, kazi yenye jina hilo inaweza isijitokeze. Tukaielekeza tovuti ihesabu zote mbili kuwa moja.

Kupiga picha mpingo

Hapa ndipo palipotumia nguvu nyingi kuliko pengine pote, na ningemshauri yeyote mwenye bajeti ndogo aiweke hapa. Mpingo ni mgumu kupigwa picha. Ukiuweka mbele ya kitambaa cheusi, ukingo wake unapotea. Ukiuweka mbele ya ukuta mweupe, kamera inauona mwanga mwingi, inapunguza, na kinyago kinabaki kivuli kisicho na uso. Tulitumia shuka la kijivu, dirisha moja upande, na ubao mweupe upande wa pili ili kurudisha mwanga kidogo. Mwanga wa ubavuni ndio unaozionyesha alama za patasi. Michoro ya rangi za kung'aa ina matatizo yake: hurudisha mwanga kama kioo. Dawa ni kuhakikisha mwanga unatoka pembeni na si nyuma ya mpiga picha, na kuuzima mwako (flashi) wa kamera kabisa. Tulipiga kwa simu nzuri tu, ikiwa imesimamishwa kwenye kistendi. Kwenye picha ya kwanza ya kila kazi tuliweka karatasi ya kijivu ili baadaye rangi zirekebishwe zifanane na kazi yenyewe. Mnunuzi aliyeona bluu kwenye simu akapokea zambarau hatarudi tena.

Kila kazi ilipopigwa picha, kijana mmoja aliketi na msanii na kujaza fomu. Mbali na yale ya kwenye kibandiko, tuliongeza uzito. Wengine walishangaa, lakini mpingo ni wa jenasi ya Dalbergia, na karibu jenasi hiyo yote ipo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 2017. Kazi zilizokamilika zimesamehewa iwapo mbao katika mzigo mmoja hazizidi kilo 10. Zaidi ya hapo vibali vinahitajika. Mnunuzi wa nje anastahili kujua hilo kabla hajalipa. Uzito pia ndio unaoamua gharama ya usafirishaji, kwa hiyo sehemu hiyo moja ya fomu inajibu maswali mawili.

Fomu ina pia sehemu ya ridhaa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya simu ya mtu si kitu cha kubandika mtandaoni kwa kuwa tu iko kwenye daftari la chama. Baadhi ya wanachama walitaka namba zao zionekane, wengine walitaka watafutwe kupitia kwa katibu. Kila mmoja alichagua na kutia sahihi. Karatasi hiyohiyo inaeleza kwamba picha ya kazi inatumiwa na chama kwa kuitangaza tu, na kwamba hakimiliki inabaki kwa msanii, maana kuuza kinyago si kuuza haki ya kukichapisha kwenye fulana. Kwa kazi za zamani zilizoko ofisini ambazo hakuna anayemkumbuka mwenyewe, tuliandika "mchongaji hajafahamika" na kuacha kiungo cha kuwasiliana kwa yeyote anayemjua.

Tovuti inayofunguka kwa bando dogo

Tovuti yenyewe naweza kuieleza kwa haraka, kwa kuwa maamuzi magumu yalikwisha fanyika. Kila msanii ana ukurasa wake na kila kazi ina ukurasa wake. Ukurasa wa mwanzo unaonyesha kazi chache na majina, hakuna picha zinazopishana. Picha za zamani zilipandishwa kama zilivyotoka kwenye kamera, megabaiti kadhaa kila moja, ilhali zinaonekana kwenye skrini yenye upana wa vidole vitatu. Sasa kila picha inahifadhiwa kwa ukubwa tofauti tofauti katika muundo mwepesi wa picha uitwao WebP, simu inachukua ule unaoitosha, na picha zilizo chini hazipakuliwi mpaka msomaji azifikie. Lengo nililojiwekea ni ukurasa wa mwanzo usizidi kilobaiti 500.

Hakuna kikapu cha manunuzi. Kila kinyago ni kimoja tu duniani, bei huzungumzwa, na usafiri hutegemea uzito na mahali. Pana kitufe kinachofungua WhatsApp ya chama, ujumbe ukiwa tayari na jina la kazi na la msanii. Na kwa kuwa biashara hii huzunguka kwa watu kutumiana viungo, nilitumia muda kuhakikisha kwamba kiungo cha kazi kikitumwa, kadi inayojitokeza ndani ya mazungumzo inaonyesha picha ya kazi hiyo na jina la msanii, si nembo ya chama. Jambo hilo nililiona kuwa muhimu kuliko ukurasa wa mwanzo wote, kwa sababu wengi hawataufikia kamwe. Watafika moja kwa moja kwenye kazi waliyotumiwa na shangazi au rafiki.

Lugha ya kwanza ni Kiswahili, Kiingereza kinafuata, na kila ukurasa umetiwa alama ya lugha yake ili programu zinazowasomea wasioona zisitamke Kiswahili kama Kiingereza. Anwani zote za kurasa za zamani zinampeleka mgeni kwenye kurasa mpya, ili kiungo kilichochapishwa zamani kwenye kipeperushi kisimfikishe mtu kwenye ukurasa tupu.

Kilichobaki ni funguo. Kikoa cha zamani, yaani anwani ya tovuti, kilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu aliyekwisha ondoka, na kukirudisha kuliwatesa viongozi. Hali hiyo nimeikuta kwenye vyama vingi. Safari hii kikoa cha .or.tz kimesajiliwa kwa jina la chama, kwa barua pepe ya ofisi, na tarehe ya kulipia ada ya mwaka imeandikwa kwenye daftari la mweka hazina pamoja na kodi ya pango. Haki za nembo nimezikabidhi kwa chama kwa maandishi, pamoja na mafaili ya vekta (yanayokuzwa bila kupoteza ubora), faili la muhuri, na kiolezo cha kibandiko ambacho kijana yeyote wa stationery anaweza kukifungua. Tovuti inaendeshwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwa kuwa mjini Mtwara si vigumu kumpata anayeielewa, na plagini (programu za ziada) ni chache ili kusiwe na mengi ya kuharibika. Katibu anaongeza kazi mpya mwenyewe kwa simu. Fomu haimruhusu kuchapisha picha yoyote ikiwa sehemu ya jina la msanii haijajazwa.