Kuona siku zako hakukukingi na presha

“Daktari, mimi si bado naona siku zangu? Moyo utaniumaje?” Mama huyu ana miaka 43, presha 168/104, na dawa aliziacha kwa sababu mhudumu mmoja wa afya alimhakikishia kwamba mwanamke hulindwa na homoni mpaka hedhi ikome. Nimechoka kuyasikia maneno haya, hasa yakitoka kwa wenzetu wa fani.

Ukweli uliomo naukubali. Kwa wastani wanawake hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo miaka 7 hadi 10 baada ya wanaume. Utaratibu wenyewe unajulikana: estradioli, aina kuu ya homoni ya kike iitwayo estrojeni, hushika kipokezi chake cha alfa (protini inayopokea ujumbe wa homoni) kwenye seli za utando wa ndani wa ateri, kimeng'enya cha eNOS huamka ndani ya dakika chache, gesi ya nitriki oksaidi hutoka, misuli laini ya ukuta hulegea, mshipa hutanuka. Lehemu mbaya nayo hushuka kiasi.

Kinachorukwa kila mara ni hiki: nitriki oksaidi hiyo hutengenezwa na seli za mshipa wenyewe. Estrojeni huziamrisha tu. Seli zikishachakazwa na presha, sukari au sigara, hutoa kidogo, na hicho kidogo huharibiwa na supaoksaidi, molekuli haribifu, kabla hakijafika kwenye misuli. Homoni imejaa kwenye damu, amri inatolewa, wa kuitekeleza hayupo. Ndiyo maana mwanamke kijana mwenye kisukari hupoteza sehemu kubwa ya nafuu aliyokuwa nayo akilinganishwa na mwanaume wa rika lake, na hedhi yake inakuja kila mwezi kama kawaida.

Tumeshajaribu kuimwaga estrojeni juu ya mishipa mibovu. Utafiti wa Coronary Drug Project kule Marekani uliwapa wanaume waliokwishapata mshtuko wa moyo; kundi la dozi kubwa lilisitishwa mapema kwa sababu mishtuko na damu kuganda vilizidi. Mwaka 1998 HERS ikawapa homoni wanawake waliokwisha kuwa na ugonjwa wa moyo, katika utafiti wa wanawake 2,763: hakukuwa na faida, na mwaka wa kwanza matukio yaliongezeka. Mwaka 2002 ikaja WHI, utafiti mwingine wa homoni kwa wanawake 16,608 wenye wastani wa miaka 63, nayo ikasitishwa.

Wengi wetu tukasema tatizo ni kuchelewa kuanza. ELITE, utafiti wa mwaka 2016, ilituunga mkono: walioanza kabla ya miaka 6 tangu hedhi ikome, ukuta wa ateri ya shingo ulinenepa polepole zaidi, walioanza baada ya miaka 10 hawakupata kitu. Hoja hii naipenda, lakini ELITE ilipima unene wa ukuta, haikuhesabu mishtuko ya moyo, na KEEPS, utafiti mwingine uliowachukua wanawake waliokoma hedhi karibuni, haikuona tofauti. Kwa hiyo homoni naiandika kwa joto la ghafla na jasho la usiku linalomnyima mtu usingizi. Kwa kulinda moyo, siandiki.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Kama kinga yote ingekuwa estrojeni, vifo vya moyo kwa wanawake vingeruka ghafla wakifika miaka 50. Takwimu za Uingereza na Marekani hazionyeshi hivyo. Mstari wa wanawake unapanda taratibu bila kukatika, na wa wanaume ndio unaopunguza kasi baada ya miaka 45 hivi. Huenda sehemu ya hiyo “kinga ya mwanamke” ni madhara yanayomwahi mwanaume.

Na wanaume wana estrojeni pia. Mzee wa miaka 65 kwa kawaida ana estradioli nyingi kuliko mkewe wa rika hilo, kwa kuwa mwili wake huitengeneza kutokana na testosteroni. Yupo kijana wa kiume aliyeripotiwa mwaka 1994 akiwa hana kipokezi cha alfa kinachofanya kazi. Alipochunguzwa tena, mwanzoni mwa miaka ya thelathini, ateri za moyo wake zilikuwa zimeshaanza ugonjwa. Ni mtu mmoja tu, lakini huwa namkumbuka.

Mimi nikimpima mwanamke presha, nauliza kwanza habari za mimba zake. Aliyepata presha ya ujauzito iliyoambatana na protini kwenye mkojo ana hatari ya ugonjwa wa moyo karibu mara mbili, na hilo lilimpata estrojeni ikiwa juu kabisa mwilini mwake. Mara nyingi vipimo vile vimeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, na baada ya kujifungua hakuna aliyemwambia arudi kupima.