Kupiga mbizi na vijana Kigoma: kuhema haraka hakuongezi pumzi

Mzee wa miaka 60 akiingia Ziwa Tanganyika na vijana wa 20, watu humhofia yeye peke yake. Kumbe kijana naye yuko hatarini: huhema harakaharaka kabla ya kuzama, akidhani anajaza oksijeni. Damu yake ilikuwa imeshajaa. Kinachopungua ni kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo humlazimisha mtu kutafuta hewa. Ikipungua, hasikii haja ya kupumua, oksijeni humwishia na anazimia bila onyo, mara nyingi akiwa karibu kuibuka.

Zameni kwa zamu. Aliye juu amtazame mwenzake mpaka sekunde 30 baada ya kuibuka: midomo ikiwa ya bluu, amshike. Mpumzike mara mbili ya muda wa kukaa chini, shikamoo isimzuie kijana kumwambia mzee, “Bado, pumzika.” Masikio yafunguliwe kila mita: bana pua, puliza taratibu. Yakigoma, panda.