Kustaafisha mfumo si kuuzima

Imekuwa kawaida, mfumo mpya wa kukusanya rekodi za maombi ya wavuti (kila mara mtu anapofungua ukurasa) unapowashwa na seva ya zamani kuchomolewa, kusoma katika ripoti za mafundi kwamba mfumo wa zamani "umestaafishwa". Kustaafisha mfumo ni kuuondoa kazini kwa makabidhiano: kila aliyeutegemea awe ameshapata kwingine anachokihitaji, na tofauti kati ya hesabu zake na za mrithi wake iwe imeshaelezwa. Kuzima ni hatua ya mwisho tu ya kazi hiyo.

Shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia, lilitegemea kwa miaka mingi programu iitwayo udp2log. Kila seva ya kache, yaani inayotunza nakala za kurasa ili zitolewe haraka, ilipomjibu msomaji, ilirusha mstari mmoja wa rekodi kwa UDP, itifaki ya mwaka 1980 ambayo haimwulizi mpokeaji kama pakiti (kifurushi cha data) imefika. Mpokeaji alipolemewa mistari ilipotea, na ingawa namba za mfuatano ambazo kila seva iliipa mistari yake zilionyesha ni kiasi gani kimepotea, hapakuwa na namna ya kukirudisha. Isitoshe, maombi yalikuwa mengi mno, hivyo rekodi iliyotegemewa sana katika uchambuzi ilikuwa sampuli ya mstari mmoja kwa kila maombi 1,000. Kwa Wikipedia ya Kiingereza sampuli hiyo ilitosha kwa mengi. Lakini makala ya Kiswahili inayofunguliwa mara 200 kwa siku ingetarajiwa kuonekana mara moja tu katika siku tano, na siku hiyo ingehesabiwa kuwa imefunguliwa mara 1,000. Siku nyingine ingeonekana kana kwamba haina msomaji hata mmoja.

Mrithi wake alikuwa varnishkafka, programu iliyosoma rekodi za seva za Varnish (programu ya kache) na kuzipeleka Kafka, mfumo uliobuniwa LinkedIn na kutolewa kwa umma mwaka 2011. Kafka huandika mistari kwenye diski na kuitunza kwa muda uliopangwa, kwa hiyo programu inayoisoma ikikatika, huendelea pale ilipoishia. Upotevu hukaguliwa hivi: kwa kila seva na kila saa, namba ya juu kabisa ya mfuatano hutolewa ile ya chini kabisa, huongezwa moja, kisha jibu hulinganishwa na idadi ya mistari iliyopokelewa. Mistari ikipungua, kuna iliyopotea; ikizidi, kuna iliyorudiwa.

Wengi wangetangaza ushindi hapo, na ndipo ninapotofautiana nao. udp2log ilikuwa ikilisha vichujio mbalimbali (programu ndogo za kuchambua mistari), vikiwemo vilivyohesabu maonyesho ya mabango ya kuchangisha fedha, na vyote vilitarajia mistari ya umbo la zamani. Ikaandikwa programu nyingine, kafkatee, ambayo husoma kutoka Kafka na kuvipa vichujio hivyo mistari katika umbo vilivyolizoea. Haikuongeza uwezo wowote wa kuvutia, lakini bila daraja la namna hiyo kuzima udp2log kungekuwa kuwakatia watu huduma wakiwa katikati ya kazi.

Zaidi ya bomba, yaani njia inayopitisha rekodi, kuna kanuni ya kuhesabu, nayo huwa na maisha yake. Mafaili ya pagecounts-raw, yaani hesabu za zamani za kurasa za Wikimedia zilizofunguliwa, yaliyoanza kutolewa Desemba 2007, hayakuhesabu tovuti ya simu wala kutenganisha roboti na watu. Kanuni mpya, ambayo takwimu zake zinaanzia Mei 2015, ilifanya yote mawili, ila mafaili ya zamani yaliendelea kutolewa hadi 2016. Mtafiti aliyeunganisha mifululizo hiyo miwili bila kujua hilo angeona wasomaji wakiongezeka au kupungua ghafla, ilhali kilichobadilika ni kanuni. Kipindi hicho cha kuendesha hesabu mbili sambamba, pamoja na maelezo ya kwa nini hazilingani, ndiyo sehemu kubwa ya kustaafisha, na ndiyo hurukwa kwa sababu haina kitu cha kuwaonyesha wakubwa.

Kwa hiyo, mwenzangu unayeandika ripoti, kama kuna skripti ya idara ya fedha ambayo kila mwisho wa mwezi bado inafungua faili la mfumo wa zamani, tafadhali andika kwamba mifumo miwili inaendeshwa sambamba. Na kama seva imeshachomolewa kabla skripti hiyo haijahamishwa, neno lake ni "umezimwa".