Dansi si jina lingine la zilipendwa

Juzi kwenye sendofu ya binti wa jirani, MC alishika kipaza sauti akatangaza: "Sasa wazee wetu tunawapa dansi kidogo, zile nyimbo za zamani." DJ akaweka taarabu. Taarabu nzuri tu, na kina mama walisimama kwenda kutunza, lakini mimi nilibaki na soda yangu mkononi. Mwaka huu pekee hii ni mara ya tatu.

Dansi ni uchezaji wa ukumbini wa watu wawili walioshikana, kwa hatua zenye mpangilio unaofundishika, wakifuata mapigo ya bendi au santuri. Maana yake ni hiyo tu, wala haina siri.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa wa zama za kati. Tanzania tunasema dansi, Wakenya wanasema densi, na hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu uko kwenye kale ka "wa" kadogo katika "muziki wa dansi". Muziki wa dansi ni muziki wa kuchezea dansi, kama nguo ya harusi ilivyo ya kuvaa harusini. Nguo ikining'inia kabatini miaka arobaini hatusemi harusi iko kabatini. Lakini muziki ulibaki, wachezaji wakazeeka, na jina la uchezaji likaangukia nyimbo. Sasa limeanza kuangukia kila wimbo ambao mpigaji wake ana mvi.

Wengine husema dansi ni ngoma iliyovaa suti. Hapana. Kabla ya dansi, mijini palikuwa na beni, na jina hilo ni ndugu wa damu wa neno bendi. Ilizuka pwani ya Kenya miaka ya 1890, kisha askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaieneza bara. Marini na Arinoti, vyama vyake vikubwa, vilishindana kwa sare, vyeo vya kijeshi na gwaride. Hatua zilikuwapo, tena za kunyooka, ila zilikuwa hatua za kundi: mistari inapita, mtaa mzima unatazama. Dansi ililipunguza kundi likawa watu wawili. Ikaitoa barabarani ikaiingiza ndani, ikaweka kiingilio mlangoni. Kwa mji wa wakati ule, mwanamume kumshika mwanamke mbele za watu, pengine mwanamke asiye wake, na kuzunguka naye ukumbi mzima halikuwa jambo dogo. Wazee walilalamika kuliko ninavyolalamika mimi leo.

Na hatua zenyewe zilikuja zimeshapikwa. Foksitroti ilitokea New York mnamo 1914, ikavuka bahari hadi London, na huko walimu wakaipiga pasi. Mwaka 1924 chama chao, Imperial Society of Teachers of Dancing, kilianzisha tawi la dansi za ukumbini, wakaanza kukubaliana mguu upi unatangulia na mwendo uwe wa kasi gani. Walsi ina hesabu ya tatu. Foksitroti ina taratibu, taratibu, haraka-haraka. Ikaja na tango pia, ambayo si lile la kachumbari. Kitu kilichoandikwa namna hiyo kinaweza kusafiri kwa kitabu na santuri hadi Tanga, karani akajifunzia chumbani kwake huku amekumbatia mto. Ngoma haifundishiki kwa posta.

Kwa hiyo vijana wa mjini wa miaka ya 1920 na 1930 waliiacha beni wakahamia ukumbini, na bendi zikazaliwa ili kuwahudumia: Dar es Salaam Jazz mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948. (Hilo "jazz" nalo lina kesi yake. Lilimaanisha bendi ya kisasa ya kuchezesha watu, wala si muziki wa New Orleans.)

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni rumba. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri za GV kwa soko la Afrika, nyingi zikiwa za Wakuba. Ya kwanza kabisa ilibeba "El Manisero" ya bendi ya Don Azpiazu. Wimbo ule ni wa mtindo wa Kikuba uitwao son, ila Marekani ulipotoka mwaka 1930 lebo yake iliandikwa "rumba foxtrot". Lebo ya santuri siku zile ilimwelekeza mnunuzi acheze hatua zipi. Basi sisi tukaisoma kama jina la muziki, Wakongo wakaisoma hivyohivyo, na rumba ikatulia midomoni mwetu hadi leo. Yaani kosa la MC wetu lina mababu.

Baadaye mikono iliachiana. Gitaa lilipoanza kuchangamka katikati ya wimbo, watu wakaanza kucheza wakitazamana bila kushikana, na kila bendi ikajitungia mtindo: Western Jazz na saboso, NUTA na msondo, Mlimani Park na sikinde, Maquis na kamanyola. Mtindo ni mdundo pamoja na namna ya kuucheza, nao una hatua zake pia, lakini unajifunza kwa kumtazama aliye mbele yako. Miaka ya karibuni wanenguaji wakapanda jukwaani kucheza kwa niaba yetu, nasi tukabaki vitini. Kinachochezwa pale ni unenguaji, hata kama nyuma yake bendi inapiga muziki wa dansi safi kabisa.

Sherehe ilipoisha nilimfuata yule MC. Akaniamkia vizuri, nami nikamwambia: mwanangu, nyimbo za zamani kwa ujumla ziite zilipendwa, hakuna atakayekulaumu. Taarabu iite taarabu. Ukitangaza dansi, waombe kwanza vijana wasogeze meza mbili tatu pale katikati.